'Debris' ya barafu tuiite nini? Nimeandika "takataka za barafu" nikaaibika

#1 Mfasiri_Arusha

Wakuu, salaam.

Nimekuja na kesi yangu mwenyewe. Mimi ni mfasiri, na kazi zangu nyingi ni mikataba, vyeti vya kuzaliwa na yale makaratasi yanayokunjwa ndani ya boksi la dawa. Majuzi nikapewa maandishi ya mabango ya kuwekwa kwenye njia ya mlimani, mlima wenye barafu. Mteja simtaji. Sentensi moja ikanitoa jasho: inamwambia msomaji kwamba tuta lililo mbele yake limetokana na 'debris' iliyobebwa na barafu. Nikafungua kamusi: takataka, mabaki, kifusi, uchafu. Ilikuwa saa sita usiku na asubuhi natakiwa kukabidhi. Nikaandika "takataka za barafu", nikalala.

Bango la majaribio likachapwa. Waongoza wageni wakaliona kabla ya bosi. Mmoja akalipiga picha, akaitupia kwenye grupu lao na maneno haya: "Jamani, kumbe barafu nayo inakunywa soda na kutupa chupa?" Tangu siku hiyo nikipita pale naitwa Mama Takataka.

Naomba msaada wa mambo mawili. La kwanza, neno. La pili, na hili ndilo lililonifanya nikosee, mnieleze barafu inabebaje mawe. Barafu ninayoijua mimi ni ya kwenye friji, na haijawahi kubeba kitu zaidi ya harufu ya samaki.

#2 Kibendera

Siti ya mbele nimeshaishika. Pole Mama Takataka 😂

#3 Tipa_Mbagala

Dada, neno ni KIFUSI. Funga uzi.

Mimi naendesha tipa, namwaga kifusi kuanzia Mbagala mpaka Chanika. Mteja akipiga simu akisema anataka kifusi, hasemi anataka mawe wala hasemi anataka mchanga. Anataka cha kujazia kiwanja. Ndani yake kuna udongo, matofali yaliyovunjika, vipande vya zege, kokoto, na siku nyingine kandambili ya mtu imo. Hatuchambui. Akitaka kilichochambuliwa aagize mchanga wa mto au kokoto, na bei yake ni nyingine.

#4 Mfasiri_Arusha

> Tipa_Mbagala alisema: Dada, neno ni KIFUSI.

Nililiwaza kaka, nikaogopa. Kifusi nilichokizoea ni cha ghorofa lililoanguka, "waliofukiwa na kifusi". Mlimani jengo liko wapi?

#5 Mzee_wa_NaroMoru

Hamjambo nyote. Mimi nimepandisha wageni Mlima Kenya miaka 22 mpaka magoti yakagoma. Huyu kijana wa tipa amesema jambo kubwa kuliko anavyodhani: *hatuchambui*. Mshike hapo, nitarudi kwake.

Binti, jengo lipo. Jengo ni mlima wenyewe, nao unabomoka kila siku ya Mungu. Kule juu usiku ni baridi ya kugandisha, mchana jua linachoma. Maji yakiingia kwenye ufa wa mwamba usiku yanaganda, na maji yakiganda yanatanuka, yanausukuma ufa. Mchana yanayeyuka yanazama ndani zaidi. Usiku tena. Nchi za baridi jambo hili lina msimu wake, kwetu ni la kila siku mwaka mzima. Kwenye saa mbili au saa tatu asubuhi jua likishaupiga ukuta wa kilele cha Nelion, unasikia *tak*, kimya kidogo, *tak tak*, halafu mvumo. Ndiyo maana tulikuwa tunawaamsha wageni saa nane usiku wakinung'unika. Walidhani ni kwa ajili ya kuwahi mawio ya jua.

Sasa mawe hayo mengine yanaangukia juu ya barafuto ya Lewis, yaani lile barafu kubwa la kule mlimani. Hapo ndipo safari inapoanza, maana barafuto si kipande cha barafu kilichokaa kama mawe ya jikoni. Ikishakuwa nene vya kutosha inatambaa kuteremka kwa uzito wake. Polepole, huioni kwa macho, lakini inakwenda.

Abiria wake ni wa aina tatu. Kuna wa kwenye keria, yaani mawe yaliyoanguka juu na kubaki juu. Kuna wa ndani, na hawa wageni wangu walikuwa hawaamini. Jiwe likianguka sehemu ya juu kabisa, ambako theluji inayonyesha ni nyingi kuliko inayoyeyuka, theluji ya mwaka kesho inalifunika, ya mwaka wa pili inaongeza, nalo linazama tumboni mwa barafu na kusafiri humohumo gizani. Likifika sehemu ya chini ambako kuyeyuka kunazidi kunyesha, barafu ya juu yake inaisha, jiwe linachungulia tena nje. Limeingia kijana limetoka mzee, ila halijabadilika sura, kwa sababu ndani halikusuguana na kitu.

Aina ya tatu ni walio chini, kwenye sakafu, na kule ndiko kazi ilipo. Barafu inayoteleza juu ya mwamba hufanya mambo mawili. Inang'oa na inasugua. Kung'oa ni hivi: barafu ikikutana na nundu ya mwamba inaigandamiza upande wa mbele, na barafu ikigandamizwa sana huyeyuka kidogo hata kama haijapata joto zaidi. Yale maji yanazunguka mpaka mgongoni mwa nundu ambako mgandamizo ni mdogo, yanaganda tena, yanashika mwamba. Kama mwamba ulikuwa na nyufa tayari, barafu ikisogea inaondoka na kipande. Na kipande hicho, kikiwa kimeshikwa chini ya barafu, kinageuka kuwa msasa wa kusugulia mwamba unaofuata.

Mkono umechoka, nitaendelea.

#6 Kibendera

Tiririka mzee wetu, hatuendi popote.

#7 Mama_Feri

Shikamoo mzee. Mimi nauza samaki Feri. Barafu yetu ya mapande tunaifunika kwa magunia na maranda isiyeyuke. Sasa hayo mawe juu ya barafu si yangekuwa yanaikinga kama maranda yangu? Mbona tunaambiwa barafu za mlimani zinaisha?

#8 Mzee_wa_NaroMoru

Marahaba mama. Swali lako liko sawasawa, na jibu lake ni ndiyo na hapana.

Kifusi kikiwa kinene, kuanzia sentimita kadhaa na kuendelea, ni maranda yako. Joto la jua halifiki chini. Utaona jiwe bapa kubwa limesimama juu ya mguu wa barafu kama meza ya mguu mmoja: pembeni pote barafu imeyeyuka imeshuka, chini ya jiwe imebaki. Mguu ukichoka meza inainama upande wa jua, jiwe linateleza, halafu linaanza kujenga meza nyingine.

Lakini kikiwa chembamba, vumbi au changarawe za kutawanyika, hapo ni hasara. Barafu safi inarudisha mwanga, vumbi jeusi linaunywa. Changarawe moja nyeusi ukubwa wa punje ya maharage inapata joto na kujichimbia shimo lake, inazama ndani ya kikombe kidogo cha maji ya buluu. Barafu ya juu inabaki na vidoa kama mkate uliotobolewa na njiti. Mwaga kijiko kimoja cha majivu juu ya barafu yako, acha juani, uone.

Na Lewis haikuwa na maranda ya kutosha. Vipimo vya mwaka 1934 na vya 2010 vinaonyesha imepoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Mimi mwenyewe nilianza kazi tukiikanyaga barafu mahali ambapo vijana wa leo wanatembea juu ya mawe matupu.

#9 Machame_Kwetu

Huku Kilimanjaro tumelipia hilo la barafu kushikilia mawe. Mimi nilikuwa mgumu (mpagazi kwa wasiojua) miaka ile. Januari 2006, njia ya Western Breach, juu ya kambi ya Arrow Glacier, mawe yaliachia yakaua wapandaji watatu kutoka Marekani. Njia ikafungwa kwa muda. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba mawe yalikuwa yameshikwa na barafu iliyokuwa inaondoka. Kwa hiyo barafu inabeba, na pia inashikilia. Ikiondoka, kilichoshikiliwa kinajiamulia.

#10 Kibendera

Swali la mjinga. Kila siku tunasikia barafu "inarudi nyuma". Ikirudi nyuma inarudi na mizigo yake juu?

#11 Mzee_wa_NaroMoru

Si la mjinga, nimeulizwa hata na daktari.

Barafuto haijawahi kupanda mlima. Umewahi kuona mkanda wa kiwanda cha chai? Majani yanakwenda upande mmoja tu. Sasa fikiria kila mwaka mtu anakata mkanda ule mwishoni kwa hatua moja. Majani yataanguka hatua moja nyuma ya yalipoanguka mwaka jana, lakini mkanda bado unakwenda mbele. Kinachorudi nyuma ni *mwisho* wa barafu, kwa sababu chini inayeyuka haraka kuliko juu inavyoletwa.

Hapo ndipo matuta yanapozaliwa. Mwisho wa barafu ukikaa mahali pamoja miaka mingi, kila jiwe linalofika linadondoka palepale, na rundo linakua. Hilo ndilo tuta la mwisho. Yaliyosukumwa pembeni yanajenga kuta mbili za kandokando ya bonde. Barafu mbili zikikutana, kuta zao za ndani zinaungana, zinakuwa mstari mmoja mweusi katikati kama mgongo wa punda. Vitabuni matuta hayo yote yanaitwa moreni. Lakini mwisho wa barafu ukirudi haraka bila kutua, hauachi tuta. Unaacha mawe yametapakaa bonde zima, kama mtu aliyehama usiku.

Kwa hiyo binti, tuta lako la kwenye bango si mahali barafu ilipopita. Ni mahali ilipotua. Ukipata nafasi kwenye bango, hilo liandike.

#12 Mfasiri_Arusha

Mzee, nafasi ni maneno 60 😩

#13 Tipa_Mbagala

> Mzee_wa_NaroMoru alisema: nitarudi kwake

Bado nasubiri unirudie mzee.

#14 Mzee_wa_NaroMoru

Haya. Mto ni chekeche. Maji yakiwa na nguvu yanabeba mawe makubwa, yakipungua nguvu yanatua mawe kwanza, mbele yanatua kokoto, mbele zaidi mchanga, tope linafika baharini. Ndiyo maana wewe unapata pa kuchotea mchanga mtupu na mwenzako anapata kokoto tupu: mto umeshawafanyia kazi. Barafu ni ngumu, haijali uzito. Jiwe la ukubwa wa nyumba na unga laini kuliko sembe vinasafiri pamoja kwa mwendo uleule na vinashushwa mahali pamoja. Ni tipa. Ndiyo maana napiga kura yangu kwa kifusi.

#15 Mbulu_Original

Naomba niwe wa upande wa pili, tena kwa heshima.

Desemba 3, 2023 mlima Hanang ulituporomokea pale Katesh. Zaidi ya watu 80 walikufa. Mimi nilikwenda kusaidia kufukua. Tulichokuwa tunafukua ni hichohicho mnachokisema: jiwe kubwa kama Noah, tope laini la kuzama mguu mpaka gotini, magogo, bati, changarawe, vyote pamoja, hakuna kilichochambuliwa. Na barafu haikuwepo hata ya kuwekea soda.

Basi "hatuchambui" si alama ya barafu peke yake. Mtu akikuta tuta la mchanganyiko mlimani atajuaje ni barafu na si mlima uliporomoka?

#16 Kibendera

Pole sana ndugu yetu. Hapa sasa wajuzi waje.

#17 Ticha_Jografia

Poleni wana Hanang wote.

Ndugu Mbulu umegonga penyewe. Tope zito lililojaa mawe linaweza kubeba bila kuchambua, kwa sababu lenyewe ni zito karibu kama zege bichi, jiwe halizami. Wanajiolojia wamewahi kuyachanganya hayo mawili na bado wanabishana juu ya baadhi ya sehemu. Kwa hiyo hawaangalii mchanganyiko peke yake. Wanaangalia mwamba wa chini: je, umelainishwa na kuchorwa mistari sambamba? Wanaangalia umbo la bonde. Barafu inalichonga bonde liwe pana chini kama karai, na bonde la Teleki kule Mlima Kenya liko hivyo. Na wanaokota jiwe mojamoja.

Mzee wa Naro Moru bila shaka amewahi kuyaona yenye mikwaruzo?

#18 Mzee_wa_NaroMoru

Ninalo moja nilikuwa nawaonyesha wageni wote, liko hatua chache kutoka Austrian Hut. Sikulichukua, mali ya hifadhi haichukuliwi. Ukubwa wake ni kama sufuria ya ugali wa watu kumi. Pande tatu ni za kawaida, zina vinundu, unashika mkono unakwaruzika. Upande wa nne ni bapa kabisa, umelainika kama jiwe la kunolea panga. Likiwa kavu huoni kitu. Nilikuwa nalimwagia maji kidogo ya kwenye chupa, na mistari inatokeza: mingi inakwenda upande mmoja, myembamba kama ya sindano, halafu miwili mitatu inaikata kwa mshazari. Hiyo ya mshazari ni pale jiwe lilipogeuka kidogo kwenye mikono ya barafu likaendelea kusuguliwa. Ukipitisha ukucha unauhisi kila mmoja.

Na kinachotoka kwenye kusugua huko ni unga. Maji yanayotoka chini ya barafuto yenye kazi si maangavu wala si ya matope, ni kama maji uliyooshea chombo cha maziwa. Tope la Hanang halina muda wa kusaga unga wa namna hiyo. Lilishuka siku moja.

#19 Mbulu_Original

Nimekuelewa mzee. Nimeridhika na hilo la unga.

#20 Mtoto_wa_Lualaba

Jambo bakubwa. Miye niko Kolwezi, mutanisamehe Kiswahili ya kwetu.

Kazi yangu ni kupanga karoti. (Si ile ya kula! Karoti ni ile fimbo ya mawe yenye mashini ya kutoboa inatoa kule chini.) Kuko mwamba moja hapa Katanga banaitaka Grand Conglomérat. Ukikata karoti yake unaona njo kifusi chenyewe ya ule mubaba wa tipa: mawe ya kila rangi, ya kila ukubwa, yenye kushikwa ndani ya tope nyeusi yenye kugeuka jiwe. Banasema ni ya zaidi ya miaka milioni 600, wakati barafu ilifunika dunia karibu yote. Shaba ya mugodi ya Kamoa iko kwenye mizizi ya ule mwamba, pale chini kabisa.

Lakini ile swali ya ndugu wa Hanang, hata hapa bajeolojia banabishana nayo. Bamoja banasema barafu njo ilileta mawe. Bengine banasema hapana, ilikuwa tope yenye kuporomoka chini ya bahari, hata kama barafu ilikuwa karibu. Miye napangaka karoti tu, lakini siku moja niliona jiwe moja ya granite, nyekundu, peke yake katikati ya tope laini yenye mistari midogo. Ile mistari chini ya jiwe ilikuwa imeinama, kama godoro mutu akikaa. Chef akasema: hii ilidondoka kutoka juu, kwa barafu yenye kuelea.

#21 Kibendera

Karoti imeniua. Merci mingi mkuu wa Lualaba.

#22 DadaCalgary

Kuhusu barafu inayoelea naunga mkono. Barafu ikifika baharini inakatika vipande, vinaelea na mawe yake, vikiyeyuka mawe yanazama. Mjerumani Hartmut Heinrich mwaka 1988 aliandika juu ya tabaka za mawe ya namna hiyo kwenye sakafu ya Atlantiki, katikati ya tope laini la bahari ambako hakuna mto wa kuyafikisha.

Mimi naishi Calgary, nafanya kazi ya kutunza wazee. Kusini mwa hapa, karibu na mji wa Okotoks, kuna jiwe limekaa peke yake kwenye uwanda wa ngano. Tani 16,500. Limepasuka vipande viwili vikubwa. Ukisimama chini yake unaangalia kushoto, ngano, kulia, ngano, hakuna mlima karibu. Mwamba wa namna yake uko kwenye milima upande wa Jasper, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo. Lilianguka kutoka mlimani likatua juu ya barafu, abiria wa keria kama alivyosema mzee, ndiyo maana kona zake bado kali. Halikusagwa. Jina la mji lenyewe linatokana na neno la Wablackfoot la jiwe. Wao walikuwa na hadithi yao ya jiwe hilo kabla mzungu yeyote hajalipima.

Siku ya kwanza niliyopelekwa nikasema kwa sauti "hili limefikaje hapa?" Mzee niliyekuwa namsukuma kwenye kiti akacheka, akasema kila mgeni anauliza hivyo, na hakuna anayelijibu jiwe.

#23 Ticha_Jografia

Dada umenikumbusha. Jiwe la namna hiyo mimi darasani naliita *jiwe geni*, na ndilo ushahidi mtamu kuliko wote, kwa sababu linakuambia limetoka wapi.

J. W. Gregory, Muingereza aliyefika Mlima Kenya mwaka 1893, aliyaona matuta ya kifusi chini sana ya barafu aliyoikuta, akatambua kwamba zamani barafu ilishuka mbali zaidi. Matuta hayo yapo mpaka chini ya mita 3,500, mahali ambapo leo ni majani, lobelia na tope la kuvua viatu. Barafuto kubwa akaiita Lewis, kwa heshima ya Henry Carvill Lewis, Mmarekani aliyekuwa amefuatilia mstari wa moreni ya mwisho kule Pennsylvania na akafariki mwaka 1888. Kwa hiyo barafuto yetu ina jina la mtu wa vifusi. Alitumia miaka yake kufuatilia mahali barafu ilipotua.

Gregory huyohuyo ndiye aliyeupa jina mwamba wa volkeno wa Mlima Kenya, ule mweusi wenye fuwele kubwa za umbo la msambamba zilizotapakaa kama njugu kwenye kashata. Akauita *kenyte*. Sasa sikilizeni. Mwamba wa namna hiyo unapatikana pia Kisiwa cha Ross, Antaktika, kwenye mlima Erebus. Na upande wa pili wa ghuba, kwenye mabonde makavu ya bara, kuna vipande vya kenyte vimekaa juu ya ardhi isiyokuwa na mwamba huo. Wanasayansi wakavitumia kuonyesha kwamba wakati wa baridi kuu barafu ilikuwa ikisukuma kutoka upande wa kisiwa kuingia nchi kavu, kinyume na ambavyo mtu angetegemea. Barafu ya Antaktika imefuatiliwa kwa jiwe lenye jina la mlima wa Kenya. Wanafunzi wangu wakilisikia hili wanaacha kupiga miayo kwa dakika tatu hivi.

#24 Mama_Feri

Fuwele kama njugu kwenye kashata 😄 Ticha una njaa.

#25 Mfasiri_Arusha

Wakuu, sina cha kuwalipa. Nimeandika upya, naomba mlipitie kabla sijatuma:

*"Tuta hili ni kifusi kilichobebwa na barafu. Mawe yalianguka kutoka kileleni au yaling'olewa chini ya barafu, yakateremka nayo polepole, makubwa na madogo pamoja na unga wa mwamba uliosagwa njiani. Hapa barafu ilitua miaka mingi, ikayeyuka, ikaacha mizigo yake. Tafuta jiwe lenye upande bapa na mistari: liliburutwa."*

Nimelitaka sana neno "abiria" nikaona bango la serikali halitanivumilia. Kuhusu 'debris' nimejiridhisha hivi: kwa Kifaransa linakotoka ni vitu vilivyovunjika. Si aina ya kitu, ni hali yake: kimevunjika na hakipo mahali pake. Kifusi kinabeba yote mawili. Takataka ni kitu ambacho mtu amekikataa, na barafu haikukataa chochote.

#26 Tipa_Mbagala

Safi. Kura yangu umeipata. "Liliburutwa" limenigusa, hata mimi tairi ya nyuma ilishaniburuta Kongowe.

#27 Mbulu_Original

Dada, kwetu Katesh hatukusema kifusi, tulisema tope, kwa sababu tope ndilo lililoua. Ila kwa bango lako kifusi kinafaa. Mimi sina pingamizi.

#28 Mzee_wa_NaroMoru

Binti, maandishi ni mazuri. Swali moja tu: nguzo za bango mmezichimbia wapi?

#29 Mfasiri_Arusha

Juu ya tuta lenyewe mzee, kwenye ukingo, ili mgeni aone bonde lote.

#30 Mzee_wa_NaroMoru

Kama tuta ni la zamani lenye nyasi na vichaka, hewala. Kama ni jipya, mawe matupu karibu na barafu, mwambie mteja wako ndani yake kunaweza kuwa na barafu iliyofunikwa na kifusi, ile ya maranda ya Mama wa Feri. Inayeyuka polepole na tuta linashuka nayo. Tulipoteza choo kimoja cha mbao kwa mtindo huo.

#31 Mfasiri_Arusha

Zege limeshamwagwa mzee. Jumamosi.

#32 Mzee_wa_NaroMoru

Basi wakizipima nguzo kila mwaka zimeinama kiasi gani, watapata na kitu cha kuandika kwenye bango la pili.